Nilimfukuzisha Wifi Kazi Kabla Kichocheo Hakijaamka

"Bosi, ni huyu! Huyu ndiye aliyeingiza hewa!"

Kidole nimemnyooshea wifi yangu, dada wa mume wangu. Mbele ya maabara nzima!

Jamani, msinitukane bado. Malizeni kwanza.

Mimi na wifi tunapima vichocheo kwenye kiwanda cha plastiki. Kichocheo ni unga wenye chembe za metali. Gesi ya ethilini ikiingia, molekuli moja inashika kwenye metali, nyingine inapenya katikati, nyingine tena... mnyororo unarefuka. Ndiyo ndoo yako hiyo. Lakini unga ukiguswa na hewa yenye unyevu, umekufa.

Siku hiyo tulijaribu unga mpya wa kromiamu, rangi ya chungwa. Wifi akaupima, akaumimina mtungini. Mimi nikafunga valvu ya hewa, nikafungulia gesi.

Ethilini ikiliwa, presha hushuka. Tukakodolea geji.

Mshale kimya...

Bosi akaingia. "Nani kaua unga? Ndio wote tulioletewa!"

Nikawaona wanangu kichwani, wakilala njaa. Mdomo ukatangulia akili.

Bosi akamgeukia wifi. "Kweli?"

Wifi akanitazama weee...

"Kweli, bosi. Ni mimi."

Eti nikashusha pumzi! Nikajisemea, si unaona, kakiri mwenyewe.

"Vua koti. Kitambulisho acha getini."

Akavua koti, akatoka. Mimi nikaenda kufungua mtungi niuoshe.

Mshale ukatikisika.

Ukashuka. Ukazidi kushuka!

Nikachungulia kwenye kioo. Rangi ya chungwa imepotea, unga umekuwa buluu, na punje nyeupe zinavimba kama bisi. Plastiki!

Ndipo nikakumbuka. Titani, metali ya unga tuliouzoea, huwashwa na dawa ya alumini, inaanza papo hapo. Kromiamu hii haina wa kuiwasha. Ethilini yenyewe huivua oksijeni kwanza, taratibu, ndipo kazi ianze. Nilifundishwa chuoni, na mtihani nikafaulu!

Hakuna aliyekosea. Sasa wifi alikiri nini?

Nikatoka mbio, miwani ya maabara bado usoni.

"Wifi! Unga mzima! Kwa nini ulisema ni wewe?"

Akashangaa. "Mzima? Nilidhani hukukaza valvu."

"Kwa hiyo ulijua ni mimi?"

"Ukifukuzwa wewe, watoto wa kaka yangu wanakula nini? Mimi ni tumbo moja tu."

Nililia pale getini, mlinzi ananitazama.

Nikamwambia bosi yote. Wifi akarudishiwa koti, na usimamizi wa zamu niliokuwa naumezea mate akapewa yeye. Haki yake.

"Haya, mama kidole," akasema, "njoo tuoshe mtungi."

Nyumbani hakunisema kwa kaka yake. Bora angenisema!

Wenzangu, geji ikinyamaza, subirini. Mimi niliupa unga lawama, nikampa wifi lawama, yeye alikuwa ananitafutia pa kujificha.

Haya. Sasa nitukaneni.