Jina Kwenye Jalada

Asubuhi Ruiru huwa na haraka. Watu hukimbilia stendi na stesheni, na kila siku kuna mmoja anayekumbuka njiani kwamba hakuchapisha barua yake. Mtu huyo hukimbilia kwa Mutie.

Mutie na mkewe Ngendo wana saiba ndogo chini ya jengo la kupanga. Wanachapisha, wanatoa kopi, wanabaindi vitabu. Mchana hufanya kazi pamoja. Jioni Ngendo hubaki peke yake, kwa sababu Mutie huenda chuo kikuu Thika kusomea biashara.

Walikubaliana hivyo tangu mwanzo. Saiba haiwezi kukosa mtu jioni, basi wasome kwa zamu. Mutie amalize, kisha Ngendo aanze. Ngendo alingoja kwa miaka, na sasa zamu yake ilikuwa karibu. Alikuwa ameshapata nafasi katika chuo kimoja cha biashara, masomo ya jioni, kuanzia Septemba. Asiporipoti Septemba, nafasi hiyo angepewa mtu mwingine.

Mutie alibakiwa na somo moja tu. Liliitwa Mbinu za Hisabati kwa Biashara, Uchumi na Fedha. Jina peke yake lilitosha kumtoa mtu jasho. Wenzake wengi walilimaliza mwaka wa kwanza. Yeye alilikwepa kila mwaka, mpaka likabaki hilo hilo.

Usidhani Mutie ni mvivu. Darasani alifika mapema kuliko wengi. Tatizo lake lilikuwa kwingine. Mwalimu alipotoa kazi ya vikundi, kikundi cha Mutie kiligawana kazi upesi, kama vikundi vingi vinavyofanya. Muriithi, kijana mwepesi wa hesabu, alikokotoa. Mwingine alipiga chapa. Na Mutie, kwa kuwa ana saiba, alichapisha na kubaindi. Kisha majina yote yakapangwa kwenye jalada. Kazi zao zilipendeza, na alama zilikuwa za juu. Mutie aliziona alama zile akaamini ni zake.

Lakini mtihani hufanywa na mtu peke yake, na pale hakuna anayeombwa kubaindi. Mutie akafeli. Akanyamaza, akaendelea kufungua duka kila asubuhi kana kwamba hakuna lililotokea.

Alasiri moja Muriithi alikuja kutoa kopi. Mutie alikuwa ametoka kununua karatasi. Kijana wa watu, bila ubaya wowote, akamwambia Ngendo ampe mumewe pole kwa ile sapu. Ngendo akauliza sapu ni nini. Muriithi akajua amekosea, lakini mdomo ulikuwa umeshatangulia. Ikabidi aeleze. Sapu ni mtihani wa kurudia, na ungefanywa Agosti. Anayeufeli hurudia somo lote na darasa la mwaka unaofuata.

Ngendo alimpa Muriithi chenji yake.

Vipindi vya jioni vilikuwa vimefungwa baada ya mtihani, hivyo Mutie aliporudi walifanya kazi bega kwa bega mpaka mteja wa mwisho akatoka. Ndipo Ngendo akamwuliza masomo yanaendeleaje. Mutie akasema yako sawa tu. Ngendo akazima mashine ya kopi.

"Baba Kaleli, nimekuuliza vizuri. Nitauliza tena mara moja tu."

Mutie alitazama sakafu. "Nimefeli ile ya hesabu."

"Najua. Nimeambiwa na mtu wa nje. Kwa nini niambiwe na mtu wa nje?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi?"

"Zamu yako," Mutie alisema. "Nilijua nimekula zamu yako."

Ngendo hakufoka. Mutie angependa afoke, kwa maana kelele huisha. Badala yake nyumba ikawa baridi. Walizungumza habari za wateja na chai ya mtoto wao Kaleli, basi. Usiku kila mmoja alilala akitazama ukuta wake.

Katika jengo hilo hilo, ghorofa ya pili, aliishi Warigia, mwalimu wa hisabati katika chuo kimoja upande wa Thika. Siku moja alishuka kuchapisha maswali ya wanafunzi wake. Ngendo alikuwa amechoka kuficha. Alimwuliza pale pale, Mutie akisikia, kama mtu aliyefeli hesabu anaweza kusaidiwa. Mutie alitamani kuingia chini ya meza.

Warigia alimgeukia. Alimwuliza anakwama wapi.

"Kote, madam."

"Hakuna mtu hukwama kote. Kwa zile assignment za group, wewe ulikuwa unafanya nini?"

Mutie alikohoa kidogo. "Kuprint."

Warigia hakucheka. Alisema kila mwaka huwaona wanafunzi kama Mutie. Alama za kikundi ziko juu, za mtihani ziko chini, na mwenyewe anaamini hana kichwa.

"Hujashindwa na hesabu, Mutie," alisema. "Hujawahi kuifanya. Hebu toa karatasi kwa hiyo printa, na uchukue kalamu."

Alimwambia afikirie duka lake. Tuseme ukurasa mmoja ni shilingi kumi, na kwa siku anachapisha kurasa mia. Anapata elfu moja. Sasa tuseme kila akiongeza shilingi moja, anapoteza kurasa tano, kwa kuwa wateja wengine wanaenda kwa jirani. Akiuza kwa ishirini, atapata ngapi?

Mutie aliandika, akafuta, akaandika tena. Kurasa zilikuwa zimeshuka hadi hamsini. "Elfu moja," alisema. "Ni ile ile ya kwanza."

"Na kwa kumi na tano?"

Kurasa sabini na tano. Mutie alizidisha polepole. Ilikuwa elfu moja mia moja ishirini na tano.

"Umeona? Pesa inapanda, inafika juu, kisha inashuka. Ile derivative inayokutisha ni swali moja tu: nikiongeza kidogo hapa, kule kunabadilika kiasi gani? Ukifika kileleni jibu ni sifuri. Hupandi tena, na bado hujaanza kushuka. Hapo ndipo bei nzuri iko."

Mutie aliizungushia duara ile kumi na tano. Alikuwa amechapisha derivative kurasa na kurasa, na hakuna aliyemwambia kwamba zinahusu duka.

Tangu siku hiyo alibadili njia. Kila jioni alikaa mezani dukani na karatasi tupu, akajaribu swali kabla ya kuangalia jibu la mtu yeyote. Alikosea sana. Alipokwama, alimpigia Muriithi, lakini si ili anakili. Alimtumia picha ya mstari uliomkwamisha. Alienda hata ofisini kwa mhadhiri wake, mahali alipokuwa akipaogopa kama polisi, akakuta mhadhiri amefurahi kwamba kuna aliyekuja kuuliza. Ngendo alihudumia wateja, sikio likiwa mezani kwa mumewe. Jioni moja alitaja jibu kabla ya Mutie, akaendelea kubaindi. Wote wawili wakacheka, na baridi ikapungua nyumbani.

Agosti ikafika. Swali la kwanza la mtihani lilihusu kiwanda cha sufuria. Mutie hakuwahi kuona swali la sufuria. Mtu wa mbele yake alikuwa ameshafungua ukurasa wa pili. Mutie alimfikiria Ngendo peke yake pale dukani. Akafumba macho kidogo. Kisha akajiuliza lile swali moja: wakiongeza sufuria moja, nini kinabadilika? Akaandika mstari wa kwanza. Mstari wa pili ukaufuata.

Matokeo yalichelewa. Siku ya Ngendo kuripoti ikakaribia, na kila asubuhi Mutie aliangalia simu, akairudisha mfukoni. Yalipotoka, alikuwa amepita. Hazikuwa alama za kutangazwa kanisani, lakini kila moja ilikuwa yake. Alimpa Ngendo simu asome mwenyewe. Ngendo akaketi juu ya boksi la karatasi, akalia kwa mara ya kwanza tangu yote yaanze.

Septemba alianza masomo, na Mutie akabaki dukani jioni. Wiki ya pili mwalimu akatoa kazi ya vikundi. Wenzake Ngendo walikuwa wameshasikia kwamba mumewe ana saiba. Mmoja akasema kazi ya Ngendo basi inajulikana, atawaprintia.

Ngendo alitoa karatasi tupu kwenye mkoba, akaiweka mezani.

"Kuprint tutaenda kwa zamu," alisema. "Swali la kwanza nipeni mimi."