Kigumba Kisicho na Ukoga

Katika vigumba saba vya mawe alivyovichimbua Biasha alipokuwa akitafuta ndiga, mizizi ya kuliwa wakati wa njaa, porini, kimoja hakikuwa na ukoga.

Mumewe, Bwanaheri, alikigeuzageuza kiganjani. Alikuwa fundi wa mishale pale Mtunda, na vita hivi vya maji vilikuwa vimemchosha hata kope. Chuma kilikwisha, majembe nayo yalikwisha kufuliwa mishale. Kesho mwanawe wa pekee, Nassibu, angeondoka na wenzake kwenda kuwavizia askari wa Mjerumani, na podo lake lilikuwa tupu.

"Hivi sita ni vya kale," alisema. "Tazama, havina kikia cha kuchomeka kwenye uti kama vya chuma. Kitako kimepunguzwa unene, kikae kwenye ufa, kifungwe kwa ukano. Na jiwe la kale huota ukoga kama jino la mzee. Vilichongwa kabla babu zetu hawajakijua chuma."

"Na hicho cha saba?"

Kingo zake zilikuwa safi, zinanuka jiwe lililogongwa sasa hivi.

"Labda umekikwangua ulipokuwa ukichimba. Uliacha unga shimoni?"

Kilichotoka ardhini huazimwa kwa konzi ya unga. Kila mtu alilijua hilo.

"Unga niutoe wapi, Baba Nassibu? Maghala si askari wameyachoma?"

Bwanaheri akampa mwanawe vyote saba. Mfa maji hukamata maji.

Nassibu alivifunga mwenyewe, kwa mkono wake wa mashoto, akipiga mluzi kwenye pengo la meno kama kawaida yake. Cha saba akakibusu. "Hiki ndicho changu, Baba." Bwanaheri alitaka kumkataza, akaona uchovu wa kubishana. Uchovu ule aliujutia maisha yake yote.

Siku ya nne tangu Nassibu aondoke, jua la utosi, watu wamejilaza vivulini, sauti ikaanza nyuma ya nyumba: ko, ko, ko. Jiwe juu ya jiwe. Walipotoka hawakuona mtu, ila walisikia harufu ile ile ya jiwe lililogongwa.

"Ni mwenyewe," Biasha alinong'ona. "Anadai vitu vyake."

Siku ya saba Bwanaheri aliomba konzi ya unga kwa jirani, akaenda na mkewe mpaka kwenye shimo la ndiga, akapiga magoti, akaumimina wote pasipo kubakiza hata wa kulamba, akasema kwa sauti ndogo, "Ewe mwenyewe, tuwie radhi, hatukujua, vyako vimekwenda vitani na mwanangu, twaa unga huu, nirudishie mtoto."

Ile ko, ko, ko iliyowafuata tangu nyumbani ikakoma. Akashusha pumzi, akamshukuru Mungu.

Ndipo unga ulipoanza kudidimia, polepole, kama unaovutwa kwa chini, na mahali pake pakachomoza kigumba kimoja cha jiwe, nacho Bwanaheri alikishika kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimezoea kushika vigumba kabla akili haijakataza, akakikuta kingali na joto, hakina ukoga, na makovu ya mapigo yote yamelala upande ambao fundi wa mkono wa kulia hawezi kuyalaza.

"Cha kale au kipya?" Biasha aliuliza, machozi yakimtoka tayari.

Chini ya ardhi mtu alikuwa akipiga mluzi kwenye pengo la meno.

"Cha leo," alisema Bwanaheri. "Na aliyekichonga ni wa mashoto."