Spana Juu ya Betri

Spana ilikwama kati ya kichwa cha chanya cha betri na bodi ya gari. Cheche ziliruka, moshi ukatoka chini ya injini. Dereva aliing'oa kwa mkono ikaanguka mchangani, na ngozi ya kiganja chake ikaenda nayo.

Kosa lilikuwa lake. Barabara mbovu ilikuwa imelegeza kichwa cha betri, naye akakikaza bila kufungua waya wa hasi kwanza. Kila fundi anajua hilo. Lakini ukifungua hasi, redio ya gari lile huomba namba ya siri, na namba alikuwa ameisahau.

Injini iliwaka tena, ila ilitetemeka na kukohoa kama mzee wa kifua. Baada ya kilomita tatu ikazima. Pande zote ni mchanga na mawe. Kisima kilikuwa mbele, kilomita themanini. Ndani ya gari walikuwamo watatu: dereva, shemeji yake fundi cherehani, na mama mkwe, mgonjwa wa figo aliyekuwa akipelekwa hospitali. Maji yalikuwa lita ishirini.

"Shemeji, mbona ukipiga stata taa zote zinafifia?" fundi cherehani alimuuliza dereva.

"Wewe kata vitambaa. Injini niachie mimi."

Akaanza. Alikagua fyuzi, zote nzima. Alisafisha plagi. Aliwasha injini akachomoa koili za plagi moja moja huku akisikiliza, apate silinda iliyokufa. Hakuipata, zote zilikohoa. Akabadilisha koili nafasi. Kikohozi kilibaki vilevile. Akafungua chujio la mafuta, akalipuliza mpaka akaona kizunguzungu. Siku ikaisha.

"Suruali ya mteja ningeishona hivi, ningekuwa jela," shemeji alisema.

Dereva alikuwa hana mate.

Siku ya pili jua liliwakuta chini ya gari, mahali pekee penye kivuli. Mama mkwe alikuwa amevimba uso na miguu. Alisukuma kikombe.

"Kunyweni nyinyi."

"Mama, kunywa kidogo."

"Nimekunywa maisha yangu yote, baba. Tengeneza gari."

Shemeji alimvuta dereva pembeni. "Tangu jana hajaenda haja ndogo. Hata tone."

Saa sita dereva aliinama juu ya injini, kiganja kimefungwa kipande cha shati. "Piga stata!" Injini ilitetemeka. Akashika kebo ya eksileta, ikamuunguza vidole viwili vya mkono usio na jeraha. Akaiangalia. Kebo ile ni ya kanyagio la mafuta tu, haipitishi umeme. Kwa nini iwe ya moto?

Kwa sababu umeme haukuwa na njia nyingine ya kurudi kwenye betri.

Alitambaa chini, akafuata kwa vidole pale injini inapofungwa na bodi. Waya wa hasi, ule mwembamba unaoziunganisha, ulikuwa umekatika katikati, ncha zote nyeusi. Umeme uliopita kwenye spana ndio uliouchoma. Tangu jana pampu ya mafuta na taa vilikuwa vikiombaomba umeme.

"Taa," alisema. "Uliniambia taa."

Shemeji alikwenda kuleta kamba ya chuma ya kuvutia gari. Safari hii dereva alifungua hasi kwanza. Walifunga ncha moja kwenye injini, nyingine kwenye bodi, baada ya kukwangua rangi kwa kisu. Kazi ya dakika ishirini. Injini iliwaka ikatulia. Hakuna aliyeshangilia.

Kisimani walikuta maji na wafugaji waliowaonyesha njia ya mkato. Hospitalini walifika alasiri. Daktari alimfunika mama mkwe uso, akauliza aliacha kukojoa lini. Shemeji akamwambia.

"Mngefika jana," daktari alisema.

Simu ya kwenda kwa mkewe dereva aliipiga mwenyewe. Shemeji alikataa kumsaidia. Dereva alimweleza mkewe bila kuficha. Siku moja na nusu chini ya gari. Waya wa shubiri moja. Vidole viwili visivyokunjika tena. Mama yake.