Bawaba Zisizolia

Gari la wagonjwa lilizimika katikati ya mlima alfajiri, mama mwenye uchungu akiwa ndani. Mtoto alizaliwa palepale barabarani, mikononi mwa muuguzi, akalia vizuri. Injini ndiyo haikulia tena.

Asubuhi gari lilivutwa hadi karakana ya zahanati, na mkaguzi wa magari akaitwa. Watu walimwita Pua, kwa sababu alinusa kabla ya kuuliza. Geti lilimfungukia kimyakimya. Karakana ile aliijua vizuri: fundi mkuu, mzee mwenye vidole vyeusi hadi ndani ya kucha, ndiye aliyemfundisha kushika spana.

"Mwanangu, kazi yako leo rahisi," fundi alimpokea. "Dereva hakupima oili, injini imekauka ikanoki. Andika hivyo, tunywe chai."

Dereva alikuwa amekaa juu ya tairi, kofia mkononi. "Fundi, usinimalize. Napima kila siku! Hata muuguzi hunicheka, eti ile stiki ya kupimia naipenda kuliko mke wangu."

"Mkaguzi akithibitisha ni uzembe, leo hii unarudisha funguo," alisema Daktari, mwenye zahanati. "Yule mama angeweza kunifia."

Pua aliiendea injini. Alichomoa stiki, akaifuta, akaichovya tena. Oili ilifika alama ya juu. Akamwomba fundi afungue kifuniko cha injini, akamulika tochi. Huko juu chuma kilikuwa kimelika na kuchanika michirizi, kama kilichosuguana kikavu asubuhi baada ya asubuhi.

"Injini imekufa kwa kiu, na kisima kimejaa," alisema. "Hiki si kifo cha siku moja. Dereva, ukiiwasha asubuhi ilikuwa inasemaje?"

"Inagonga. Ka-ka-ka, kama mdai mlangoni. Ikishapata moto inanyamaza. Nilimwambia fundi."

"Akasemaje?"

Dereva alimtupia fundi jicho. "Akasema gari limeniiga mimi kwa uvivu wa asubuhi."

Daktari alikunja uso. "Lakini oili niliichagua mwenyewe, na sikuchagua kwa pupa. Huku kwetu baridi haina adabu, na gari hili huwashwa na kukimbizwa papo hapo. Nilisoma, nikauliza: oili ya sinthetiki hubaki nyepesi kwenye baridi, hufika juu ya injini upesi, na joto haliiharibu haraka. Nilitaka injini idumu. Kumbe nimeuziwa maji machafu?"

Macho yote yakamgeukia mtunza stoo aliyesimama kando, maana oili zote hupitia kwake.

"Jamani, msinitazame kama nina mkia!" alilalamika. "Njooni muone wenyewe."

Alisukuma mlango wa stoo. Pua alisimama kizingitini, akausukuma mlango mbele, akaurudisha nyuma.

"Huu mlango si ulikuwa unalia kama mbuzi?"

"Ulikuwa. Tangu mwaka jana umetulia, sijui umeokoka."

Ndani, galoni za sinthetiki zilikuwa zimepangwa, kila moja na pete ya kifuniko haijakatwa. Pua alifungua moja, akajaza bilauri. Bilauri ya pili akaijaza oili ya kwenye injini. Akaziweka zote mbili kwenye friza la jiko la wauguzi, kisha akakaa akanywa ile chai aliyoahidiwa. Fundi hakuigusa ya kwake.

Bilauri zilipotolewa, alizilaza juu ya sinia mbele ya wote. Ya stoo ilitiririka mara moja. Ya injini ilijikokota kama mtu aliyeitwa kazini siku ya mapumziko.

"Hizi si oili moja," Pua alisema. "Hii nzito, injini ikiwa baridi, pampu haiwezi kuifikisha juu upesi. Kila alfajiri chuma kilisubiri, na kikisubiri kinalika."

"Basi mwizi ni huyu!" Daktari alimwonyesha mtunza stoo kidole. "Amejaza takataka kwenye galoni zangu!"

"Fundi," Pua aliuliza taratibu, "uliwahi kupokea galoni iliyokatwa pete?"

Fundi aliinua kidevu. "Mimi? Ningemtupia huyu wa stoo usoni. Zote nilizikata kwa mkono wangu."

Hapo ndipo alipojifunga mwenyewe: kama galoni zilimfikia zikiwa nzima, basi oili ilibadilishwa mikononi mwake; akalitambua hilo neno likiwa limeshatoka.

Pua alitoa leso nyeupe, akaifuta bawaba ya mlango wa stoo. Leso ilishika doa safi, la rangi ya asali. Akaifuta ya kabati la spana, kisha ya geti. Asali tupu.

"Karakana nzima hakuna bawaba inayolia. Ulinifundisha kwamba oili safi haimwagwi, hata tone. Ile ya Daktari umeipa milango. Gari ukalimiminia ile nzito ya pipa la jenereta lililo pale kona."

Fundi alisugua kidole gumba na cha shahada, kama alivyopima oili maisha yake yote.

"Niliishika hivi. Nyepesi kama chai! Nikasema hii itaua injini yangu. Injini nazilea mimi, halafu naletewa oili bila hata kuulizwa, fundi unaonaje. Nililinda gari."

"Nilipaswa kukuuliza," Daktari alikiri. "Hilo ni langu."

"Kubadilisha lilikuwa kosa la vidole," Pua alisema. "Lakini leo uliijua sababu, ukamwacha huyu kijana apoteze kazi. Hilo si la vidole."

Fundi alimgeukia dereva. "Nisamehe, kijana wangu." Daktari alichukua funguo mezani, akazitia ndani ya kofia ya dereva, kisha akamwambia fundi wataonana ofisini.

Watu walipotawanyika, fundi alimfuata Pua hadi getini.

"Mimi nimemwomba yule radhi. Na wewe? Niliyekushika mkono hujui hata jina la nati, umenivua nguo mbele ya watu niliowalea. Ungeniita pembeni. Niombe radhi, mwanangu."

Pua alimshika mkono ule mweusi, akaubana. Aliupenda kuliko mikono mingi.

"Ningekuita pembeni, mzee wangu, yule dereva angebaki na lawama mbele za watu peke yake. Heshima yako iko palepale, na kesho nitakuja kukujulia hali. Radhi siombi."