Debe Lilipolia, Umeme Ulibaki

Kitendawili! Haya, nakutegea wewe: mlishaji kaenda zake, tumbo lingali limejaa, na ukimgusa mlishwa anakung'ata. Nani huyo? Hujui? Usinipe mji bado. Kulthumu wa Chovae naye hakujua, na kutojua huko kulimtenga na ndugu yake.

Kisiwani Chovae kulikuwa na jenereta moja. Mtunzaji wake alikuwa Idarus, kaka yake Kulthumu. Aliiwasha asubuhi, samaki wagande kwenye friza, akaizima adhuhuri. Akishaizima, hugonga debe mara tatu. Debe likilia, kila mtu alishika nyaya bila hofu.

Siku moja friza ya Kulthumu iligoma. Mumewe Gharibu, fundi wa mashua, alingoja debe. Likalia. Hakuchomoa hata waya. Alifungua friza kwa nyuma, akatia mkono. Alirushwa kinyumenyume, mkono wa kulia ukaangukia tezo lake mwenyewe, kishoka cha kuchongea mbao. Vidole vikapooza. Hakuchonga ubao tena.

Kulthumu alimfuata kaka yake mbele ya watu.

"Umeiwasha jenereta tena! Umemharibia mume wangu mkono!"

"Kulthumu, uliisikia ikinguruma?"

Kulthumu alimtemea mate miguuni, akaondoka. Idarus akanyang'anywa funguo za jenereta. Akahamia Kismayo, akawa kuli bandarini.

Mwaka ukapita. Friza ikagoma tena. Safari hii aliitwa Barke, msichana fundi wa friza kutoka Kismayo. Barke alichomoa waya, akafungua friza kwa nyuma; Kulthumu akanyoosha mkono amsaidie.

"Mama, usiguse!"

"Si debe limelia, mwanangu?"

"Jenereta imezimwa. Hiki hakijazimika." Barke alionyesha kikopo cheusi. "Ni kapasita. Husaidia mota kuanza kuzunguka. Ndani mna karatasi mbili za metali, zimetengwa zisigusane. Umeme ukiingia, chaji hujaa upande mmoja, upande wa pili hupungukiwa. Pande hizo zinavutana, lakini chaji haina pa kuvukia. Basi inangoja."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ipate njia. Hata mkono wa mtu ni njia."

Barke alivaa glavu, akagusisha nyaya za balbu kwenye kikopo. Balbu ikamweka mara moja, ikafa.

"Mumeuona? Chomoeni waya, msifungue. Mwiteni fundi aumwage umeme uliobaki kwanza, kisha apime kwa mita."

Gharibu, aliyesimama kando, alicheka bila furaha. "Nasema nimepigwa na jenereta, kumbe nimepigwa na kikopo!" Kisha akaangalia vidole vyake. "Basi shemeji hakuiwasha."

Kitendawili kimeteguka, msikilizaji wangu: mlishaji ni jenereta, mwenye tumbo ni kapasita. Tangu hapo, debe likilia, Chovae huchomoa waya, na friza hafungui mtu ila fundi. Hakuna aliyerushwa tena.

Lakini Kulthumu hakupata raha. Alivuka hadi Kismayo. Alimkuta Idarus chini ya gunia la sukari, mgongo umepinda. Idarus alimtazama kama mtu asiyemjua. Gunia hakulishusha.

"Sikuisikia jenereta ikinguruma, kaka," Kulthumu alisema. "Siku ile sikuisikia. Na nilijua hivyo nilipokulaumu."