Mlinzi wa Ghala la Kakese

Mwenyezi aliumba vinavyoonekana na visivyoonekana, na kila kimoja akakiwekea mpaka wake. Melkior aliuvuka mpaka huo mchana kweupe, katika ofisi ya ghala la mpunga la Kakese, asijue.

Kosa lilianza dogo. Programu ya kompyuta aliyoliandikia ghala kwa lugha ya Java ilikataa kuanza: klasi iitwayo Rozalia, yaani kipande chenye kazi ya kulinda mizigo, haikupatikana. Akafungua faili, kipande kimo. Akakagua njia ambamo programu hutafuta vipande vyake, ni sahihi. Akaijenga upya, akaiendesha. Haikupatikana. Ofisini kukanuka pumba zilizolowa, ilhali mvua ilikwisha kukatika zamani.

Simu ikalia. Alikuwa mkewe, Lucia, kutoka nyumbani Misunkumilo.

"Baba Rozalia, mtoto umemchukua?"

"Nimchukue saa ngapi? Mimi nipo kazini."

"Alikuwa anacheza mlangoni. Nikimwita anaitika, ila simwoni." Sauti ikashuka. "Anaitikia ndani ya ukuta."

Hapo Melkior akaikumbuka mila. Kwao Kasansa, ghala jipya hukabidhiwa jina la marehemu wa ukoo, naye ndiye huwa mlinzi. Jina la aliye hai halitajwi kamwe. Yeye, kwa mapenzi ya baba, alimpa mlinzi wa programu yake jina la binti yake wa pekee.

Nyuma ya magunia kitu kikacheka.

"Umenikabidhi mtoto kwa mkono wako," kikanong'ona. "Sasa wamtafutia nini?"

Akarudi kwenye kompyuta, akalifuta jina la mtoto kila lilipokuwa, na mahali pake akaliweka la bibi yake aliyezikwa, Pelagia, huku harufu ile ikizidi, na magunia yakisogea moja baada ya jingine bila mkono wa mtu, na kicheko kile kikimkaribia kisogoni, hata programu ikaanza, na ghala lote likanyamaza.

"Amerudi!" Lucia alilia simuni. "Yuko mlangoni!"

Melkior alikimbiza pikipiki njia nzima. Alimkuta mtoto amesimama, amempa mama yake mgongo.

"Mwanangu," Lucia aliita. "We mtoto, geuka basi!"

Hakugeuka. Melkior akafungua kinywa naye amwite, na jina moja tu likamjia ulimini.

"Pelagia?"

Mtoto akageuka taratibu, akakohoa kikohozi cha kizee.

"Naam, mjukuu wangu. Ghala nitalilinda. Ila yule mtoto mliyemfuta, aliitwa nani?"

Wakatazamana mume na mke. Hakuna aliyekumbuka.