Barua ya Lydie na Zahanati Isiyokuwapo

Kalamu kwanza, mashine baadaye. Na lile ambalo kalamu haikulisema, mashine isiliseme. Hiyo ndiyo kanuni iliyoandikwa kwa chokaa juu ya mlango wa kituo cha masomo, pembezoni mwa mji wa Bunia, karibu na kambi ya watu waliohamishwa na vita. Kila mtu aliijua, hata watoto waliokuja kuchungulia dirishani tu. Adhabu yake ilijulikana pia. Aliyeivunja alipanda ngazi kila asubuhi kabla ya masomo, siku kumi na mbili mfululizo, kupangusa vumbi jekundu kwenye paneli za jua. Bila paneli safi hakuna umeme, na bila umeme kompyuta zote nane hulala.

Kituo hicho kilikuwa cha vijana waliokatishwa masomo na vita. Kwa kompyuta hizo walisoma na chuo kikuu kilicho mbali, na walipokwama waliiuliza akili bandia, yaani mashine inayojibu maswali na kuandika kama mtu. Msimamizi wao, Mwalimu Katsuva, aliipenda mashine ile kwa kiasi. “Ni msaidizi mwenye mbio,” alizoea kusema, “lakini hakuwahi kuzaliwa, hakuwahi kuona njaa, na hakujui nyumbani kwako.”

Abigaël, msichana wa miaka kumi na mitatu, alipita kituoni kila alasiri akitoka shuleni, akiwa bado amevaa sare yake ya bluu na nyeupe. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kwenye herufi, kwa hiyo alimchapia kazi dada yake mkubwa, Lydie, aliyeshinda akisuka nywele za watu sokoni. Wasichana hao na mama yao walikuwa wamekimbia kutoka Bule miaka minne iliyopita. Lydie alikuwa amepata diploma yake ya sekondari kwa kuchelewa, na sasa aliomba chuo hicho nafasi ya kusomea uuguzi. Nafasi zilikuwa kumi na mbili tu. Aliyekosa mwaka huo angengoja miaka miwili.

Jumatatu moja Lydie alimkabidhi mdogo wake daftari. Alikuwa ameandika barua ya maombi kwa mkono wake, jioni tatu nzima.

“Chapa namna iko, Abi. Usiongeze, usipunguze.”

“Ndiyo, yaya,” Abigaël alimjibu dada yake.

Alipoketi kuchapa, aliisoma barua akavunjika moyo. Lydie aliandika kwamba kila Jumanne na Alhamisi husaidia kupima watoto kilo katika kituo cha afya cha kambi. Hakukuwa na jambo jingine kubwa. Plamedi, mwenzake wa shuleni aliyeketi kando yake, alinyoosha shingo akasoma pia.

“Hii ni barua ao ni karatasi ya kuomba sabuni?” alicheka. “Kupima watoto kilo! Weye haujue listi ya msaada? Siku ya kuandikisha, mwenye kulia sana ndiye anapewaka turubai. Mwenye kusema kidogo anarudi mikono mitupu.”

Abigaël hakucheka, kwa maana jambo hilo alilijua. Mwaka wa kwanza kambini, mama yake alimweleza mwandikishaji shida zao kwa maneno machache ya adabu, nao walilala wiki tatu chini ya majani. Jirani yao aliyezidisha mambo alipata turubai siku ileile.

Basi akaiandikia mashine: “Fanya barua hii iwe kubwa. Weka mateso mengi na kazi za heshima.” Kufumba na kufumbua barua mpya ikatokea, nzuri ajabu. Ilisema kwamba Lydie ni yatima, kwamba alianzisha zahanati, na kwamba aliongoza wauguzi wanne. Chini yake mashine iliongeza mstari mmoja: “Tafadhali thibitisha kwamba haya yote ni kweli kabla ya kutuma.” Abigaël aliusoma mstari huo. Kisha akaufuta, akatuma barua.

Wiki tatu zilipita kwa furaha. Lydie aliimba akisuka, na wateja wake wakamwita “Daktari” kwa mzaha. Ndipo habari ikaja: chuo kilitaka kuongea naye ana kwa ana kupitia kompyuta.

Siku ya mazungumzo hayo Lydie alivaa kitenge cha mama yake. Mwalimu Katsuva aliketi kando yake, na Abigaël akasimama mlangoni. Kwenye kioo cha kompyuta alitokea mama mwenye miwani, Profesa Élise, mwenye sauti ya upole.

“Binti, tumeisoma barua yako. Hebu tueleze kuhusu zahanati yako.”

“Zahanati?” Lydie alishangaa. “Mama, mimi sina zahanati.”

“Imeandikwa hapa kwamba uliianzisha, na kwamba una wauguzi wanne chini yako. Na kwamba wewe ni yatima.”

“Mama yangu yuko sokoni, anauza kabichi,” Lydie alisema polepole.

Uso wa profesa ulibadilika. “Basi nani aliyeandika haya? Chuo chetu humfuta mwombaji anayetuma barua ya uongo. Sina budi kukwambia hivyo.”

Lydie aliitazama mikono yake. Mwalimu Katsuva alikunja uso. Pale mlangoni miguu ya Abigaël ilitaka kukimbia. Hakuna aliyemwona akiiagiza mashine isipokuwa Plamedi, na Plamedi hangesema. Lakini kama angenyamaza, dada yake angeitwa mwongo kwa kosa ambalo hakulitenda.

Aliingia ndani hadi mbele ya kioo. “Ni mimi, Mama Profesa. Yaya aliandika ukweli kwa mkono wake. Mimi ndiye nilimwambia mashine aongeze. Mashine iliniuliza kama ni kweli, nikaufuta mstari ule.”

“Kwa nini ulifanya hivyo, mtoto?”

“Niliogopa,” Abigaël alisema huku akilia. “Pa listi ya msaada, mwenye kusema kidogo hapewi kitu.”

Ndipo Mwalimu Katsuva alisafisha koo. “Abigaël, sikiliza. Listi ya msaada inakuuliza umepoteza nini. Shule inakuuliza unaweza kufanya nini. Umejibu swali ambalo hukuulizwa.”

Profesa Élise aliondoa miwani yake, akaifuta, akairudisha. “Lydie, ninakuuliza swali la shule. Siku ya kupima kilo, wewe hufanya nini hasa?”

Lydie aliinua kichwa. “Tuko na mizani ya kuning’inia, yenye suruali ya kitambaa. Tunamwingiza mtoto mle. Mtoto akipiga mateke, mshale unacheza ngoma. Ukisoma haraka, utaandika uongo. Basi mimi ninalia kama kuku. Mtoto anashangaa, ananyamaza, mshale unasimama. Pale ndipo ninasoma.”

“Unalia kama kuku?”

“Ndiyo, Mama.”

“Hebu nisikie.”

Lydie alimtazama Mwalimu Katsuva kama anayeomba ruhusa. Mwalimu alikubali kwa kichwa, bila kutabasamu. Lydie akalia kama kuku anayetaga, na huko nje jogoo wa jirani akajibu kwa sauti kubwa. Profesa alicheka hata miwani ikamteleza puani.

“Vema. Na ukiona kilo zimepungua?”

“Ninamtuma kwa muuguzi siku ileile. Mwezi wa kumi na moja nilituma saba. Jumapili nilipita hema kwa hema kuwaangalia. Wote saba wako wazima.”

Profesa hakucheka tena. Aliandika jambo kwa muda mrefu. “Hao saba ndio walipaswa kuwa ndani ya barua,” alisema. “Andika upya, sasa hivi, kwa kalamu, mbele ya mwalimu wako. Nitaifikisha mbele ya wenzangu pamoja na haya niliyoyasikia. Siahidi kitu.”

Lydie aliandika kwa saa moja. Kisha, kwa ruhusa ya Mwalimu, aliiomba mashine imwonyeshe makosa ya tahajia tu. Ilimwonyesha tisa, naye akayasahihisha mwenyewe.

Siku ya kumi jibu likaja: Lydie alikuwa wa kumi na moja kati ya kumi na mbili. Mama yao aliacha kabichi zake sokoni bila mlinzi, akaja mbio hadi kituoni akipiga vigelegele.

Kelele zilipotulia, Mwalimu Katsuva alimwita Abigaël mbele ya wote. “Mtoto huyu alikosa, na ameungama mwenyewe wakati ambapo hakuna aliyemlazimisha. Kuungama ni jambo jema, lakini hakufuti kanuni. Na ninyi nyote mkumbuke: mashine haikumdanganya mtu. Ilitii. Uongo ulikuwa wa yule aliyeuagiza. Iombe mashine ikufundishe, ikusahihishe, ikufungulie vitabu ambavyo Bunia haina. Usiiombe kamwe iwe wewe. Maisha yako, hata yakiwa madogo machoni pako, ni wewe tu unayeweza kuyashuhudia.”

Kesho yake asubuhi Abigaël alipanda ngazi na ndoo na kitambaa. Plamedi alipita chini, akapaza sauti: “Habari za huko juu, Bibi Zahanati?”

“Panda uje uone!” Abigaël alimjibu. Plamedi akapanda kweli, akashika kitambaa cha pili, maana naye hakuwa na amani.

Siku ya kumi na mbili Mwalimu Katsuva alipanda mwenyewe, polepole, kipago kwa kipago. Alitoa leso yake nyeupe, akaipitisha juu ya kioo cha paneli ya mwisho, akaigeuza na kuitazama. Ilikuwa nyeupe.

“Umelipa,” alisema. “Shuka uende shuleni.”